Hesabu ya Pili

Jumanne iliyopita habari ya msiba ilinikuta dukani, nikimpimia mteja kitambaa cha kanzu. Ujumbe wa simu ulisema Odera amefariki huko kwao bara, kwa maradhi, kitandani mwake, watoto wake wakiwa karibu. Niliusoma mara mbili. Si kwa ajili ya majonzi. Mimi kila kitu hukisoma mara mbili, hata bili ya maji, na waliowahi kufanya biashara nami hapa Ukunda watakuambia kuwa kuhesabu nako ni mara mbili. Mteja akaniuliza, "Kulikoni, Bi Mwanakombo, hesabu imekupotea?" Nikamwambia hapana, ni mtu niliyefanya naye kazi mwaka wa tisini na saba. Akasema pole, kisha akaomba nimwongezee nusu yadi, maana aliona leo sina moyo wa kubishana. Sikumwongezea. Lakini alipotoka nilikaa kwenye stuli nikayarudia yale maneno mawili, kitandani mwake, nikaona kuwa miaka yote hii sijamweleza mtu yeyote ilivyokuwa hata Odera akajaliwa kufa hivyo.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya mapokezi ya nyumba kumi na mbili za makuti pale Diani, mali ya mama mmoja Mjerumani tuliyemwita Mama Renate. Kabla yetu kilikuwa stoo ya magodoro, na harufu ya magodoro haikuhama. Kulikuwa na dirisha moja lenye wavu, meza mbili, na feni iliyogeuza shingo upande mmoja tu, upande wa Odera, nami nilipolalamika alisema mashine ndiyo inayopepewa, yeye amebahatika kukaa karibu nayo. Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta yenye kisogo kirefu, ambayo kila jioni tuliifunika khanga kwa sababu ya chumvi ya bahari. Mimi niliingia pale mwezi wa pili nikiuza vikoi kwa wageni. Mama Renate aliniona nikimfanyia mgeni hesabu ya vikoi saba vya bei tatu kichwani, akaniuliza kama ninaweza kujibu faksi. Odera aliletwa mwezi uliofuata kutoka Nairobi, kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye kuvaa mikono mirefu kwenye joto lile kana kwamba yuko njiani kwenda kanisani. Alikuwa na mke huko kwao na mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Kazi yake ilikuwa kutengeneza peji. Neno tovuti lilikuwa halijafika Diani. Tulisema peji, na wafanyakazi wa jikoni walidhani ni gazeti.

Peji ilikuwa inakaa kwenye kompyuta kubwa ya kampuni moja Nairobi. Ukitaka kuiona, modemu ilipiga simu, ikapiga mluzi, ikakoroma kama mtu mwenye mafua, kisha ukurasa ukaanza kushuka kwenye kioo: maneno kwanza, halafu picha ya ufuo, mstari baada ya mstari, kama mtu anayeteremsha pazia huku anafikiria mambo mengine. Chini kabisa palikuwa na kasuku aliyepigapiga mabawa. Kasuku alikuwa wazo la Mama Renate. Diani hatuna kasuku wa namna ile, lakini hakuna aliyemwambia.

Mama Renate alikuwa na sharti lake. Dada yake kule Ujerumani lazima afungue peji na kuiona nzima, hadi kasuku, katika sekunde ishirini, kwa kuwa mtu wa kule hangoji zaidi ya hapo. Huenda kutafuta hoteli nyingine. Hapo nikaingia mimi. Sikujua lolote la kompyuta, lakini nilijua kuwa anayetaja ishirini ana thelathini moyoni. Nilimzungusha tangu chai ya saa nne hadi adhuhuri. Tukafunga kwa thelathini, kabla mwezi wa saba haujaisha, na Odera akifaulu apewe kazi ya mwaka mzima na barua ya kumsifu kwa wenye hoteli nyingine. Odera alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wewe, Mama Hesabu, ungezaliwa Nairobi ungekuwa waziri." Alipanga akishapata barua aende kwao kabla siasa za uchaguzi hazijachacha, kisha arudi na mke na mtoto. Hilo ndilo alilolitaka, na alilitaka kwa namna iliyonifanya nimwonee haya kumtania.

Saa ya kupimia niliinunua mimi, Kona ya Musa, hapo Ukunda, kwa refa mstaafu wa mpira, nikamchosha mpaka akanipa na kamba yake. Odera alikaa meza ya pili akipunguza picha: kukata kingo, kuondoa rangi ambazo jicho halizihitaji, kuugawa ufuo vipande. Kila alipomaliza aliniita nipime. Nilibonyeza, nikaanza saa, nikangoja mpaka bawa la mwisho la kasuku, nikasimamisha. Kisha, kama ilivyo desturi yangu, nilipima tena. Na hapa niseme wazi jambo ambalo wafanyabiashara wenzangu watalielewa: hesabu ya kwanza ni ya kujua, ya pili ndiyo ya kuamini. Mara ya kwanza jicho bado linatangatanga, mkono haujatulia. Zikipishana, unashika ya pili. Hivyo ndivyo ninavyohesabu khanga, ndivyo ninavyohesabu mayai. Mara ya kwanza peji ilichukua dakika mbili na zaidi; mara ya pili sekunde kumi na moja. Nikaandika kumi na moja.

"Ngapi?" aliuliza Odera bila kugeuka.

"Kumi na moja."

"Acha mchezo."

"Nimepima mara mbili."

Hakuuliza zaidi. Mtu akisikia nimepima mara mbili huwa anatosheka, na ile ndiyo sifa niliyoijenga mwenyewe.

Chakula cha mchana tulikula kwa Bi Siti, kibandani pake kwenye njia ya kutoka Ukunda kuja ufuoni. Wanaume walikaa mbele; sisi wanawake nyuma ya kiambaza cha makuti, ambapo wali wa nazi hufika ungali na moshi na maneno ya mbele hufika yote. Siku moja mwezi wa sita, nikiwa na mchuzi wa papa na mchicha, nilisikia mmoja akisema, "Mwezi wa nane hawatakuwapo."

"Nani?"

"Wageni."

"Watalii?"

"Watalii wana tiketi ya kurudi," alisema yule wa kwanza, na wenzake wakacheka kwa sauti ya chini. Nilimjua kwa sauti: Mwinyi, aliyetengeneza baiskeli kando ya kibanda, mtu mpole, aliyekuwa akinizibia pancha na kunidai baadaye. Niliondoka nimebakisha nusu ya sahani, jambo ambalo Bi Siti alilichukua kama tusi kwa wiki nzima.

Nilimwambia Odera jioni ile, maana wageni wasio watalii walikuwa watu wa bara kama yeye. Alisema ni maneno ya uchaguzi, kila miaka mitano watu huota pembe kisha huzikata. Wiki iliyofuata nikasikia tena karibu maneno yale yale, nikamaliza sahani yangu. Mara ya tatu niliomba nyongeza ya mchuzi. Ukifikiri sasa unashangaa. Wakati ule halikuwa jambo la kushangaza. Asubuhi uliamkia shughuli, ukaona watu wa bara waliokuwa na vibanda Ukunda wakiuza vitanda kwa bei ya mito, na mimi, mwenye jicho la bei kuliko jicho la kitu kingine, nikajiambia msimu ni mzuri wa kununua. Nilinunua redio kwa mama mmoja Mkamba. Aliitaja bei, nikatoa nusu, akakubali hapo hapo bila kunibishia hata neno. Nilirudi nyumbani na redio na sikuwa na raha, kwa sababu asiyebishana bei ana haraka, na sikumuuliza haraka ya nini. Kwenye duka la vyuma panga kumi na nne zilikuwa zimening'inizwa msumarini. Nilipopita tena baada ya siku mbili msumari ulikuwa mtupu, na haikuwa wakati wa kulima.

Halafu Mwinyi aliniuliza. Alikuwa amepiga magoti akizungusha gurudumu langu, kichwa kimeinama. "Yule wa bara wenu, Mwanakombo, analala wapi siku hizi?"

"Kwa nini, unataka kumpa godoro?"

"Nauliza tu."

"Ukiuliza tu, mimi nami najibu tu."

Alitabasamu, akaendelea kuzungusha gurudumu. Nilimweleza Odera, na safari hii hakucheka. Alitoka kwenye chumba alichopanga Ukunda akahamia ofisini, akatandika godoro chini ya meza. Akakata na tiketi ya basi la Jumamosi, siku mbili baada ya ile ambayo dada wa Mama Renate angefungua peji. "Nikishapata barua nimekwenda," aliniambia. "Tukutane uchaguzi ukiisha."

Faksi ya yule dada ilikuja Alhamisi. Mama Renate aliitandaza mezani akaitafsiri kwa kidole. Dakika mbili na sekunde arobaini. Alikuwa amekwenda kupika kahawa, amerudi, na kasuku bado.

Odera aliisoma, ingawa hakujua Kijerumani, kisha akaniomba nipime mbele yake. Akavuta kiti akakaa nyuma yangu. Nilibonyeza, nikasimamisha: dakika mbili na sekunde kumi na nane. Nikairudisha saa mwanzo, nikanyosha kidole nibonyeze tena.

"Unafanya nini?" aliuliza.

"Napima ya pili."

"Kwa nini?"

"Ndipo nipate ya kweli."

Alikisogeza kiti karibu. Kisha akanieleza polepole, kama anayemweleza mtu habari za ugonjwa wake, kwamba mashine ikishazileta picha mara moja huziweka tumboni mwake. Ukifungua mara ya pili haiendi Nairobi kuzitafuta, inazitoa tumboni. Zile kumi na moja nilizokuwa nikimpa miezi mitatu zilikuwa ni safari ya kutoka tumboni hadi kwenye kioo. "Mgeni wa Ujerumani hana mara ya pili," alisema. "Yeye ndiyo mara yake ya kwanza, na ya mwisho." Hakunigombeza. Ningetaka anigombeze, ningejua pa kuanzia kujibu. Alikwenda kuirudisha tiketi ya Jumamosi, na Mama Renate, ambaye hakuwa mbaya, akampa wiki mbili aikate peji upya. Wiki zile mbili nilimletea mimi. Nimezipima kwa kila njia na hazina mwenyewe mwingine.

Na nilipolala usiku ule ndipo nilipoelewa kwa nini mara ya tatu niliweza kuomba nyongeza ya mchuzi. Lile neno la Mwinyi nilishalitia tumboni. Mara ya kwanza lilikuja kutoka mbali na lilikuwa zito. Baada ya hapo lilikuwa likitoka ndani yangu mwenyewe, jepesi, haraka, nami nikalishika kwa vile lilikuwa la pili.

Siku kumi na nne baadaye, asubuhi, redio ile ya yule mama Mkamba ndiyo iliyonieleza kuwa usiku mambo yameharibika Likoni, kwenye kivuko cha njia ya Nairobi, na feri imesimama. Haikuwa na haja ya kueleza zaidi. Nilipofungua mlango niliona moshi upande wa vibanda vya watu wa bara. Nilivaa buibui nikaenda kwa miguu, maana baiskeli ina kengele na sikutaka kusikika. Njia nzima hakuna aliyenisalimu, nami si mtu wa kupita bila kusalimiwa. Kwa Bi Siti mbao zilikuwa zimefungwa, na mbele ya banda la Mwinyi baiskeli tatu zilikuwa zimeachwa miguu juu, bila fundi.

Mama Renate alikuwa akipakia mizigo ya wageni wake wanne wa mwisho kwenye pikapu. Feri ikiwa imefungwa, alikuwa amekata shauri kuteremka kusini, apite Msambweni, avukie mpakani Lunga Lunga. Chini ya turubai, katikati ya masanduku, alikuwa ameacha nafasi ya mtu mmoja kulala. "Mwambie atoke," aliniambia. "Mimi nimemwambia mara tatu. Dakika tano, naondoka."

Odera alikuwa mezani. Amevaa shati lake la mikono mirefu, amefunga vifungo vyote, anampunguza kasuku. Watu huogopa kwa namna nyingi. Wengine hukimbia, wengine hulia, yeye alikuwa amekataa kugeuza shingo kuelekea dirishani.

"Odera, twende."

"Nimebakisha haya mabawa tu. Halafu tupime."

"Huoni moshi?"

"Nimeuona." Vidole vyake havikusimama. "Nikiondoka bila namba, basi nilikuja huku bure. Nitamwambia nini mke wangu? Kwamba nilifukuzwa? Afadhali nimwambie nilimaliza."

Nje honi ililia mara moja. Nilitaka kumvuta shati, lakini ni mtu mrefu na mimi ni mfupi, na mtu anayeng'ang'ania bei yake humvuti, unampa anachotaka. Nikatoa saa ya refa. "Haya, safisha tumbo la mashine, bonyeza. Wewe funga mfuko wako, mimi naangalia. Ukisimama hapa utanitia wasiwasi nikosee."

Akafanya hivyo. Aliniamini, baada ya yote. Akageuka akapiga magoti kukunja shuka lake chini ya meza. Modemu ikakoroma. Maneno yakashuka, kisha ufuo, kipande baada ya kipande. Ulikuwa umekuwa mwepesi kweli, alikuwa fundi yule kijana, lakini laini ya simu asubuhi ile ilikuwa kama mtu anayepumua kwa shida. Sekunde ishirini, bahari ilikuwa nusu. Ishirini na tano, mchanga. Kasuku alikuwa na miguu na tumbo; kichwa hakijafika. Nikabonyeza saa kwa nguvu ili asikie.

"Basi."

"Ngapi?"

"Ishirini na nane."

Alikaa akiwa amepiga magoti, mgongo umenielekea, shuka mkononi. "Pima ya pili," alisema.

"Mgeni hana mara ya pili," nikamwambia, nikazima kioo.

Alicheka. Ndicho kicheko chake ninachokikumbuka, kifupi, kama mtu aliyefika mwisho wa ngazi asijue ni mwisho. Akachukua mfuko akatoka, na kupitia kwenye wavu nilimsikia akimtajia Mama Renate namba, na Mama Renate akisema vizuri, vizuri, lala chini. Turubai likavutwa. Pikapu haikuwa hata imefika kwenye geti la barabarani nilipokiwasha kioo tena. Kichwa cha kasuku ndiyo kwanza kilikuwa kinakuja.

Walifika watatu, kwa mlango wa jikoni. Mwinyi alikuwa mbele, na kwanza alisalimu. "Asalaam aleikum, Mwanakombo." Nikaitikia. Wale wawili sikuwajua, na walichobeba walikishusha nyuma ya miguu yao, kama watu wenye adabu wanaoingia ofisini. Mimi nilikuwa nimesimama, naifunika kompyuta khanga.

"Tumekuja kumjulia hali mwenzako," alisema Mwinyi.

"Alikwisha kwenda kwao."

"Lini?"

"Jana. Na basi la asubuhi."

Akaangalia meza. "Mbona vikombe viwili?"

"Mimi kila kitu ni mara mbili, unanijua."

Mmoja wa wale wawili alicheka. Mwinyi hakucheka. Alikivuta kiti cha Odera, kile kilichokuwa mbele ya feni, na kabla ya kukikalia akaweka kiganja juu yake. Akakiacha pale, kwenye joto la mtu aliyeinuka punde. Niliona vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya cheni vikitandazika taratibu kwenye kitambaa, na mimi nikahesabu, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine niliyoiweza. Nilifika saba. Kisha akaninyanyulia macho.

"Jana," alisema.

"Jana."

"Na basi la asubuhi."

"La asubuhi."

Akaondoa mkono, akaufuta kwenye suruali. "Ameondoka jana," aliwaambia wenzake. "Huku hakuna kitu. Twendeni." Walipotoka alikirudisha kiti mahali pake, kikaingia chini ya meza sawasawa. Pikapu wakati huo ilikuwa haijapita Kona ya Musa. Ningeweza kuifikia kwa baiskeli, na Mwinyi pia angeweza.

Mama Renate alitimiza neno. Aliandika barua ya Odera, namba ikiwa ndani kwa herufi na kwa tarakimu, na kwa barua ile Odera alipata kazi Nairobi, akaniandikia mara moja kunishukuru kwa kupima. Sikumjibu ukweli. Ile peji haikupata mgeni hata mmoja. Msimu ule hakuna aliyetaka kuja Diani, kwa sekunde thelathini wala kwa bure, na nyumba za makuti zilifungwa kabla ya mwaka kwisha.

Mwinyi yuko. Ana mvi, ana wajukuu, na kila kabla ya Idi huja dukani kwangu kununua khanga za nyumbani kwake. Sijawahi kumuuliza siku ile alikuwa anatoka wapi, wala alikokwenda baada ya pale, na kuna nyumba njiani ambazo ningeogopa kumsikia akizitaja. Hanitajii kile kiti. Huchagua khanga, hutaja bei, daima ya chini mno, bei ambayo mtu mwingine ningemfukuza nayo hadi barabarani. Msichana wangu wa dukani hunitazama, ananingoja niseme. Mimi huzikunja, nikazifunga, nikampa.